Mikono Iko, Karatasi Iko Wapi? Mafundi wa Lodwar na Kakuma

Maswali mengi tunayopata kutoka Turkana yanahusu ada ya kutuma pesa, laini iliyopotea, au pesa iliyoenda kwa nambari ya mtu mwingine. Lakini kuna swali moja ambalo si la simu hata kidogo, na linarudi kila mara. Fundi amefanya kazi miaka minane au tisa. Milango aliyochomelea iko kila mtaa, watu wanamwita kwa jina la kazi yake. Halafu kontrakta wa nje akija na mjengo mkubwa anamwandika mtu wa mkono. Anabeba mawe na kukoroga simiti huku kijana aliyeletwa kutoka Kitale au Eldoret akishika mashine ya kuchomelea. Kwa nini?

Jibu fupi ni karatasi. Jibu refu ndilo tumeliandikia makala haya, kwa sababu karatasi yenyewe si moja, ni mbili. Moja unaipata kwa mtihani. Nyingine unaitengeneza kila siku kwenye simu yako, mara nyingi bila kujua.

Anayelipa hayuko hapa

Kazi inayolipa vizuri Turkana mara nyingi inalipiwa na mtu ambaye hatawahi kukuona: kaunti, serikali ya kitaifa, au shirika. Darasa, zahanati, tangi la maji, kisima chenye pampu ya sola. Mwenye pesa hawezi kufika Lokichoggio kuangalia kama chuma kimeshikana sawasawa. Yeye anasoma faili. Kontrakta anajua kwamba siku ya ukaguzi ataulizwa watu wake walisomea wapi, kwa hivyo anakuja na wenye vyeti na kuchukua wenyeji kwa kubeba na kuchimba. Si lazima awe na roho mbaya. (Wengine wako nayo, lakini hao tuwaache leo.)

Wakazi wa Lokichar wanaijua hadithi hii kuliko sisi. Mafuta yaligunduliwa kwenye kisima cha Ngamia-1 mwaka 2012, na matumaini ya ajira yakapanda kama moto wa nyasi. Oktoba 2013 kampuni ya Tullow ilisimamisha kazi kwa muda baada ya wenyeji kuandamana wakidai nafasi za kazi na tenda. Mwaka 2018 malori ya mafuta yakazuiwa tena barabarani, na ajira ilikuwa ndani ya madai pamoja na usalama. Madai hayo yalikuwa na msingi. Lakini hata pale mlango ulipofunguliwa, kazi zilizowangoja vijana wengi zilikuwa za ulinzi, usafi na kibarua, maana kazi za mtambo zilidai vyeti ambavyo hakuna aliyekuwa amewasaidia kuvipata mapema. Mwaka 2025 Tullow iliuza mradi huo kwa Gulf Energy. Yaani msimu wa kuandika watu unaweza kurudi, na cheti hakipatikani kwa wiki mbili.

Hapo pia ujue kitu kimoja: si kila cheti cha kuchomelea kinafungua kila geti. Kuchomelea dirisha la nyumba na kuchomelea bomba linalopitisha mafuta kwa shinikizo ni kazi mbili tofauti, na hiyo ya pili ina mitihani yake ya ziada. Ukiambiwa na chuo kwamba kozi yao ya miezi mitatu itakupeleka moja kwa moja kwenye mabomba, uliza maswali zaidi kabla ya kulipa.

Kwa mkimbizi, cheti ni suala la sheria

Kakuma ilianza 1992, na Kalobeyei ikafuata katikati ya miaka ya 2010. Leo kuna watu walioingia wakiwa wachanga na sasa wana watoto wanaosoma. Utafiti wa IFC wa 2018 ulikuta biashara zaidi ya 2,000 na matumizi ya takriban dola milioni 56 kwa mwaka. Hiyo si sehemu ya watu wanaokaa tu wakingoja mgao. Kuna gereji, saluni, mikahawa, mafundi wa simu, maduka ya jumla, watu wanaouza stima ya jenereta kwa jirani.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kufanya kazi Februari 2022, inampa mkimbizi haki ya kuajiriwa, kufungua biashara au kufanya kazi ya ufundi. Watu wengi wanaishia kusoma hapo. Lakini sentensi inaendelea: awe na ujuzi unaotambuliwa na mamlaka zinazohusika nchini Kenya. Fundi aliyejifunzia Bukavu, Juba au Mogadishu anaweza kuwa bora kuliko sisi sote, ila kama hakuna mamlaka ya Kenya iliyomtambua, haki yake imebaki nusu. Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unalenga kugeuza kambi kuwa makazi ya kawaida ambapo mgeni na mwenyeji wanatumia huduma zilezile. Mgao nao umekuwa ukipungua. Kwa hivyo swali la cheti limetoka kuwa jambo la "siku moja nitafanya" na limekuwa la kula.

Wapi pa kujifunza, na wapi pa kupimwa tu

Chini ya Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti. Kwa hivyo kituo kama Lodwar Vocational Training Centre ni cha kaunti, na maswali ya karo na ufadhili yanaanzia huko. Upande wa Kakuma, Don Bosco wamekuwa wakifundisha ufundi tangu miaka ya 1990: kuchomelea, magari, umeme, ujenzi, useremala, mabomba, ushonaji. Darasani kule Mturkana wa hapo hapo anakaa na Mkongomani, Msudani Kusini na Msomali. Lugha ya karakana inakuwa Kiswahili, ingawa kila mmoja anacho chake: Mkongomani ataita karakana *ateliye*, na kabla ya muhula kwisha utamsikia Mturkana naye akiita hivyohivyo.

Wanaopenda kompyuta wana chuo cha Startup Lions kando ya Ziwa Turkana, kilichokamilika 2021. Kilichorwa na Francis Kéré, msanifu majengo kutoka Burkina Faso aliyepata tuzo ya Pritzker mwaka uliofuata. Minara yake mirefu imeigwa kutoka kwa vichuguu vya mchwa ili hewa moto ipande na kutoka juu, na vyumba vya kompyuta vibaki na ubaridi. Tunaitaja si kwa urembo tu. Mchwa wa Turkana walijua kazi hiyo kabla ya mainjinia.

Sasa, kama wewe tayari ni fundi, huenda huhitaji kurudi darasani miaka miwili. Hapa ndipo wengi wanapoteza muda na pesa. Mamlaka ya NITA ina mtihani wa ufundi wa ngazi tatu: unaanza na Grade III, unapanda hadi II, kisha I. Aliyejifunza kazi kwa mjomba chini ya mti anaweza kujiandikisha kama aliyejifunza chuoni. Kwa ngazi ya kwanza hawakudai cheti cha KCSE, na sehemu kubwa ni vitendo: unapewa kazi, unaifanya, mkaguzi anaangalia mikono yako. Tofauti na mtihani wa shule, kiingereza cha kuvunjika hakikuangushi kama mshono wako umesimama. Mwaka 2024 serikali pia ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, kwa hivyo njia hii inazidi kupanuka.

Tunavyoona sisi, kwa fundi mwenye miaka mitano kazini, mtihani ndio uwe wa kwanza na kozi ifuate baadaye kama kuna kitu kinakosekana. Kwa kijana ambaye hajawahi kushika spana, aanze chuoni. Kumpeleka fundi mzima akajifunze jina la nyundo ni kumpotezea msimu.

Na kama umeajiriwa rasmi, jua kwamba mwajiri wako anatakiwa kulipa NITA shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, na akifundisha watu wake anaweza kudai kurudishiwa sehemu ya gharama. Waajiri wengi hulipa na kusahau. Muulize kwa heshima: "Mzee, ile pesa ya NITA tunaweza kuitumia tupimwe?" Mbaya zaidi atasema hapana.

Usichague kazi kwa sababu darasa liko karibu

Hapa tutasema jambo ambalo halitawafurahisha wote. Kwa miaka mingi mradi wowote wa kina mama ulikuja na cherehani au vifaa vya kusuka. Matokeo yake ni kwamba kuna mitaa ambapo washonaji ni wengi kuliko wanaoshonewa, na bei ya kushona sare imeshuka mpaka mtu anashonea uzi tu. Kushona ni kazi nzuri. Lakini kazi nzuri yenye mafundi kumi na mteja mmoja haikulishi.

Tazama badala yake nani anapiga simu akiwa amekwama. Lodwar joto hupita nyuzi 35 siku nyingi za mwaka, na samaki wa ziwani wanapita mjini humo wakitoka Kalokol. Friji ikikufa kwenye joto lile, mwenye mkahawa hana siku mbili za kusubiri. Kalokol yenyewe bado lina jengo la kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa pesa za Norway, ambacho hakikugandisha samaki kwa muda mrefu, maana gharama ya kuleta baridi pale ilishinda bei ya samaki. Siku hizi sola imebadilisha hesabu hiyo. Fundi anayejua friji, anayejua sola na anayejua betri, hao watatu wakiwa mtu mmoja, hatalala bila simu.

Vilevile pampu za visima. Turkana imejaa pampu za sola, na pampu ikisimama, ng'ombe, mbuzi na watu wanasimama nayo. Mara nyingi fundi anatoka mbali na kijiji kinangoja. Kama wewe ni msichana wa Kalobeyei au Kerio unayefikiria kozi, na kila mtu anakuelekeza kwenye cherehani, uliza kama darasa la umeme lina nafasi. Halina ndevu, darasa hilo.

Kulipa karo bila kuibiwa wala kujifunga

Tuanze na wezi, kwa sababu wanafanya kazi kwa bidii. Ujumbe unakuja: umechaguliwa kwa mafunzo ya shirika fulani, tuma pesa ya usajili, au ya kupimwa afya, kabla ya saa kumi leo. Nambari ni ya mtu binafsi. Wanapenda sana Kakuma na Lodwar kwa sababu wanajua huko shirika ni neno la matumaini.

Chuo halali kina akaunti ya benki au Paybill yenye jina la taasisi, na jina hilo linatokea kwenye skrini kabla malipo hayajakamilika. Lisome. Huduma za serikali ya kitaifa zinalipiwa kupitia eCitizen, na Paybill yake ni 222222. Mkaguzi au "afisa" akikuambia mtandao uko chini hivyo umtumie yeye mwenyewe, usitume. Rudi kesho. Na yule anayeuza cheti kilichokamilika bila mtihani anakuuzia karatasi ambayo mwajiri anaweza kuithibitisha NITA, na siku hiyo utapoteza kazi pamoja na jina.

Sasa mikopo. Sisi ni kampuni ya malipo, na kuna mikopo inayopita kwenye simu hizi hizi, kwa hivyo sikiliza hili likitoka kwetu: usilipe karo kwa mkopo wa siku 30. Tuseme umekopa shilingi 5,000 na ada ni asilimia 8 kwa mwezi. Mwezi mmoja ni shilingi 400, unaona si mbaya. Lakini kozi ni miezi sita, na ukiwa darasani hauingizi pesa. Ukiuzungusha mkopo huo miezi yote sita umelipa ada ya 2,400 na ile 5,000 bado iko pale pale inakutazama. Mkopo mfupi ni wa bidhaa inayouzwa wiki hii, kama mabati ambayo mteja ameshalipia nusu. Ujuzi unalipa polepole, kwa hivyo nao ulipiwe polepole.

Njia ya polepole iko hivi. Ukiweka shilingi 100 kila siku ya kazi, siku 25 kwa mwezi, ni 2,500. Miezi sita ni 15,000. Weka kwenye akaunti ya akiba yenye kufuli, ile ambayo ukitaka kutoa kabla ya tarehe inakusumbua kidogo. Usumbufu huo ndio unaoulipia. Kwa walioko kwenye chama, ongeeni zamu ya mwanachama iangukie mwezi wa kujiandikisha mtihani. Vikundi vingi vinakubali kama umeomba mapema.

Na usisahau vifaa. Wengi wanamaliza kozi na cheti kizuri halafu hawana grinda. Kama umefadhiliwa karo, basi ile akiba yako iende kwa vifaa tangu mwezi wa kwanza, si baada ya mahafali.

Karatasi ya pili iko kwenye simu

Cheti kinasema unajua kazi. Hakisemi kama watu wanakulipa. Hiyo inasemwa na rekodi ya malipo, na hapa mafundi wengi wa Lodwar na Kakuma wanajimaliza wenyewe.

Mteja analipa mlango kwa pesa taslimu, au anatuma kwa nambari ileile inayopokea pesa ya dada kutoka Nairobi, michango ya harusi na deni la bodaboda. Mwisho wa mwaka fundi ameingiza pesa nzuri, lakini taarifa yake ya malipo inafanana na gunia la nguo za mitumba. Afisa wa mikopo akiifungua hawezi kujua ipi ni biashara. Anakataa, au anakupa kidogo kwa riba kubwa.

Chukua nambari ya Till ya kazi pekee. Malipo ya kwanza ya mteja yaingie hapo, na yanayobaki yaingie hapo, hata kama mteja ni jirani, hata kama ni shilingi 300 za kuziba sufuria. Kuna ada ndogo kwa mwenye biashara, na wengine huikwepa kwa kumwambia mteja atume kwa nambari ya kawaida. Tunaelewa. Lakini ada hiyo ndiyo bei ya rekodi, na rekodi ya miezi kumi na miwili inaweza kukupa mashine ya kuchomelea kwa mkopo wa benki wa mwaka mzima badala ya ule wa siku 30. Kontrakta naye akitaka kujua kama umewahi kushughulikia kazi ya shilingi 60,000, unamwonyesha tarehe.

Mteja akisema "nimetuma", ngoja. Huko mtandao unapotea kama mvua, na ujumbe halali unaweza kuchelewa. Ujumbe wa uongo haucheleweshwi na chochote. Angalia salio lako lenyewe, usiangalie meseji, kabla mlango haujapakiwa kwenye mkokoteni.

Halafu kuna shida ya majina, na hii ndiyo inayovunja mioyo zaidi. Watu wengi Turkana, wenyeji na wakimbizi, wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la kaka, shemeji au mwenye duka, kwa sababu siku ya kusajili kitambulisho kilikuwa bado. Miaka mitano ya malipo imejikusanya kwenye laini hiyo. Ukienda kuomba mkopo wa vifaa, hiyo historia yote ni ya shemeji. Wewe, mbele ya benki, umezaliwa jana.

Kwa hivyo kabla ya kujiandikisha mtihani, weka mezani vitu vitatu: kitambulisho chako (au kadi ya mkimbizi), usajili wa laini yako, na fomu ya chuo au ya NITA. Soma jina herufi kwa herufi. Lokaale na Lokale ni mtu mmoja nyumbani, lakini kwenye kompyuta ni watu wawili. Mohamed, Mohammed na Muhammad ni watatu. Kosa likiwa kwenye fomu, linarekebishwa kwa kalamu kabla ya mtihani. Likishachapwa kwenye cheti, ni safari, barua na ada nyingine. Likiwa kwenye laini, nenda na kitambulisho halisi kwa duka la huduma, si kwa wakala wa kando ya barabara, na kama laini ni ya shemeji, nenda naye, maana yeye ndiye atakayeulizwa kama anakubali. Kakuma foleni huwa fupi asubuhi kabla jua halijakaza. Usimpe mtu yeyote nambari ya siri hata akijitambulisha kwa jina letu, sisi hatuiulizi.